Mjomba, Twaanza Kutwanga

Mtoto yule aliyejikojolea katikati ya uwanja wa Garsen, mbele ya Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, na bendera yake, ni mimi. Nasema leo mara moja na sitarudia. Nyinyi mliokulia kando ya mto Tana mnakijua kisa chenyewe, maana kwa miaka kilikuwa kichekesho cha kila harusi na kila matanga kuanzia Hola mpaka Kipini: siku ya sherehe ya malkia, askari mmoja aliyerudi kutoka vita vya Burma alisikia bunduki za heshima, akamrukia mtoto wa kike, akamlalia, na mtoto akalowa. Nimekisikia kikisimuliwa jikoni. Nimekisikia kivukoni. Nimekisikia chuo kikuu, katika bweni la wasichana, mbali kabisa na kwetu, kikisimuliwa na binti wa Garsen ambaye siku yenyewe alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilicheka kuliko wote. Kisha nikawaeleza, kwa utulivu wa mtu anayesomea historia, kwamba mtoto yule alikuwa wa Idsowe.

Mimi ni wa Kulesa.

Ningeendelea kukana mpaka niingie kaburini kama si harufu ya naftalini. Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja nyumbani kwangu Mombasa. Alijitambulisha kuwa katibu wa kamati ya sherehe, ametoka Hola, na alikuwa amevaa suti nyeusi iliyotolewa sandukuni asubuhi ile ile, kwa sababu alipoketi tu sebule yangu ilijaa harufu yake. Kuna watu hukumbushwa utoto wao na udi, au mkate wa mofa, au mvua ya kwanza. Mimi naletewa wangu na dawa ya nondo. Kijana alikuwa akinieleza kwamba wakubwa wameamua hatimaye kuwaenzi wazee waliopigana Burma, na mimi nilikuwa chini, uso mchangani, juu yangu koti zito la jeshi, na mtu ananipigia kelele sikioni nisiinue kichwa.

"Daktari, unajisikia vizuri?" akauliza.

"Endelea. Mtafanya nini?"

"Gwaride. Hotuba. Mashada ya maua. Kuna mnara mdogo, tumeshaupaka chokaa. Na mjomba wako, Mzee Komora, ndiye atakayekuwa mbele, maana wenzake karibu wote wamekwisha. Atasimama, na polisi watapiga risasi hewani mara tatu."

"Risasi."

"Za heshima, Daktari." Alitabasamu, akanionea huruma kidogo kwa kutojua mambo. "Heshima bila mlio itakuwa heshima gani?"

Nilimpa chai. Nataka ijulikane kwamba nilimpa chai, kwa sababu baadaye huko Hola ilisemekana nilimfukuza. Nilimfukuza baada ya chai.

Sasa niseme Mjomba Komora ni nani. Ni kaka wa mama yangu, mkubwa wake. Kabla sijazaliwa alichukuliwa na jeshi la Mfalme wa Uingereza pamoja na vijana wengine wa mtoni, wakapelekwa vitani Burma, kwenye misitu na matope ya watu wasiowajua, kupigana na watu wasiogombana nao. Wengine hawakurudi. Yeye alirudi na koti, medali moja yenye utepe, na masikio ambayo hayakuwa tena yake peke yake. Alikwenda kwenye zahanati ya serikali kueleza habari za masikio hayo, akaambiwa ana mikono miwili na miguu miwili, aende akalime. Basi akalima. Shamba letu lilikuwa ukanda mrefu unaoanzia ukingoni mwa mto na kuingia bara, kama mashamba yote ya kwetu: mpunga kule chini mto unakofurika, ndizi na mahindi kule juu.

Yaliyotokea msimu wake wa kwanza nyumbani niliambiwa na mama, maana mimi sikuwepo. Mpunga ulivunwa, ukakauka, na asubuhi moja wanawake wakaweka vinu vyao nyuma ya nyumba wakaanza kutwanga. Mnaujua mdundo wake. Wanawake wawili kwa kinu kimoja, mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, na vinu vikiwa vitatu ardhi yote inatetemeka mpaka vikombe vinagongana kabatini. Mjomba alikuwa ndani amelala. Alitoka bila kufungua mlango, yaani alitoka nao, akakimbia mpaka mtoni akaingia. Walimtafuta mpaka jua likawa kali. Walimkuta chini ya ukingo, maji shingoni, ameshika matete kwa mikono yote miwili, mahali ambapo hata mitumbwi hupita mbali kwa sababu ya mamba. Alipoitwa hakujibu. Alikuwa anawaashiria wainame.

Bibi, yaani mama yake Mjomba, alifanya kwanza kile ambacho kila mtu angefanya: alimwita mtu wa kumsomea, akasomewa. Haikusaidia kitu. Ndipo Bibi akatafuta njia yake mwenyewe, na hiyo njia ndiyo inayonifanya niandike leo. Alisema: mchi hauinuliwi mahali hapa mpaka mtoto apelekwe kwa Komora kumwambia. Basi. Hakuwa na maneno mengine. Kutwanga kusiwe kwa ghafla. Ajue kwamba kunakuja, na ajue ni nini.

Ikawa hivyo. Kwanza ilikuwa nyumba yetu, kisha jirani wa kulia na wa kushoto, kisha kijiji kizima, hata wale waliokuwa na ugomvi na Bibi. Nilipopata akili nikaikuta desturi ipo tayari, kama vile nilivyoukuta mto. Na kazi ya kupelekwa ilikuwa yangu. Wanawake wakishajaza vinu, mama aliniangalia tu. Nilikwenda mbio mpaka mlangoni kwa Mjomba, nikasimama wima, nikasema:

"Mjomba, twaanza kutwanga."

Naye, popote alipo, anashona wavu au amekaa tu anaangalia mikono yake, alijibu:

"Twangeni."

Nami nikarudi mbio na lile neno kama mtu aliyebeba yai. Mjomba aliniita Mjumbe. Mpaka leo hajui kuniita jina langu.

Sasa, mtoto wa miaka ile hufahamu mambo kwa namna yake. Mimi sikujua lolote la Burma. Nilichokiona ni kwamba wanawake wazima, na Bibi mwenyewe ambaye hakuogopa hata chifu, hawakuthubutu kuinua mchi mpaka Mjomba aseme neno. Nikaelewa, bila mtu kunieleza, kwamba Mjomba alikuwa mkubwa wa milio yote. Mungu ana malaika, serikali ina Bwana Shauri, na Mjomba ana milio. Koti lake zito, alilolivaa hata joto likiwa la kuua mbuzi, lilikuwa vazi la cheo hicho. Niliringa kwelikweli. Watoto wenzangu walikuwa na wajomba wenye ng'ombe, wajomba waliofika Mombasa, wajomba wenye redio. Wangu alitawala kishindo.

Siku moja mawingu yalitanda meusi upande wa bahari. Nikamkimbilia.

"Mjomba, mvua yataka kunguruma."

Akalitazama wingu kwa makini, kama mtu anayesoma maombi ya likizo. "Iambie ingoje kidogo," akasema, "nimalize uzi huu."

Nikatoka nje nikaiambia. Ikangoja. Naapa ilingoja. Mjomba alimaliza uzi, akaweka wavu chini, akaegemeza mgongo wake ukutani na kuvuta koti, akasema, "Haya." Nilipoipelekea mvua jibu lake, radi ikapiga. Nina digrii tatu na bado sijapata maelezo yanayonitosha.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wakati huo niliona la kawaida, na leo nikilifikiri nashindwa kukaa. Mpunga ukianza kukomaa, ndege huja kama vumbi. Vijiji vingine watu walikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, wakapiga madebe kutwa nzima. Kulesa, upande wa mashamba ya kwetu, debe halikupigwa. Tuliwinga kwa kombeo na kwa kupunga mikono na kwa kuimba, na ndege wakatuona wapole, wakala. Kila msimu ndege wa Kulesa walishiba kuliko ndege wa Idsowe. Watu wale walikuwa maskini. Mpunga ule ulikuwa chakula cha watoto wao, na waliuacha uliwe na ndege ili mtu mmoja asiruke mtoni. Hakuna aliyetoa hotuba. Hakuna aliyepaka mnara chokaa.

Haya. Malkia akavikwa taji huko kwao, na habari ikatufikia pamoja na amri kwamba tufurahi.

Chifu alikuja Kulesa mwenyewe, na viatu. Alimkuta Mjomba uani, Bibi akiwa anapepeta mchele, nami nikiwa chini ya miguu ya kila mtu.

"Komora," akasema, "toa koti lako ulipige pasi. Ing'arishe medali. Bwana Shauri anakuja Garsen, anataka kuwaona askari wote wa Burma wamepangwa mstari. Siku yenu imefika."

Nilimwona Mjomba akinyooka. Wakati ule sikujua kwamba mtu anaweza kurefuka akiwa amekaa. "Ametuita yeye mwenyewe?" akauliza.

"Kwa majina."

Bibi hakuacha kupepeta. "Kutakuwa na makelele?"

"Mama, hii ni sherehe. Sherehe isiyo na kelele si ni matanga?"

"Basi kabla ya kelele mpeleke mtoto amwambie."

Chifu alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama wee! Serikali impeleke mtoto? Serikali?"

"Kama haina mtoto," Bibi akasema, "tutaiazima wetu."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Garsen. Bibi alinishika mabega asubuhi ile akaniangalia machoni. "Wewe usimwachie Mjomba wako mkono. Ukiona wanaanza kupiga kitu, chochote, mwambie kabla. Umesikia?" Nilisikia. Kazi yenyewe niliijua kuliko mtu yeyote duniani. Mjomba alikuwa ameliweka koti kwenye sanduku la bati pamoja na naftalini tangu Chifu alipokuja, kwa heshima ya siku yenyewe, na tulipokuwa mtoni katika mtumbwi harufu yake ilikuwa kali hata samaki waliikimbia, nadhani. Medali ilikuwa kifuani. Aliiangalia kila alipovuta kafi.

Uwanja ulikuwa karibu na kivuko, na sijawahi kuona watu wengi namna ile. Waorma walikuwa wametoka na ng'ombe wao wakawaacha upande wa pili, wanawake wao wamebeba maziwa. Wapokomo wenzetu wa kila kijiji, wenye maduka, watoto wa shule na vibendera. Askari wa Burma walipangwa mbele, juani, na makoti yao. Walikuwa si wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mzima: huyu jicho, yule mguu, mwingine anatikisa kichwa muda wote kama anayekataa kitu. Kivuli kilikuwepo, kwenye hema. Hema ilikuwa ya wageni.

Nilisimama kando ya Mjomba nimeshika pindo la koti. Niliangalia kila upande kutafuta kinu. Sikuona kinu. Niliona ngoma, na watu wa ngoma walikuwa wamekaa wanakunywa uji, kwa hiyo bado. Bunduki sikuziona kabisa. Baadaye nilikuja kujua ziliwekwa nyuma ya hema makusudi, ili mlio uje kwa ghafla na uwapendeze watu.

Bwana Shauri akaja. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye kofia ya manyoya meupe, na akapita kwenye ule mstari akimshika kila askari mkono. Alipofika kwetu alimshika Mjomba mkono, akamwinamia kidogo, akasema neno ambalo kwa sababu ya zogo sikulisikia lote. Mjomba akajibu kwa sauti ya kijeshi, "Ndiyo, Bwana!"

Hapo roho yangu ikatulia. Nilikuwa nimeshuhudia kwa macho yangu: mkubwa wa serikali amekuja mwenyewe, bila hata kutuma mtoto, kumwomba mkubwa wa milio ruhusa ya kuanza, na ruhusa imetolewa. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nilikumbuka maneno ya Bibi nikaona yametimizwa na mtu mkubwa kuliko mimi. Nikaachia koti nikajikuna mguu.

Bunduki zikalia.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka giza lenye harufu ya naftalini, mchanga mdomoni, na uzito wa mtu mzima juu yangu, goti lake hapa, kiwiko hapa, kila kiungo changu kimefunikwa na chake. Alikuwa anapiga kelele sikioni mwangu, "Kichwa chini! Kichwa chini! Usiinuke mpaka niseme!" Moyo wake ulikuwa unanigonga mgongoni. Ndiyo, nililowa. Ningependa kumwona profesa yeyote akibaki mkavu pale.

Kisha nikasikia kitu kingine, na kwa kuwa nilikuwa chini ya koti nilidhani ni mvua. Kilikuwa kicheko. Uwanja mzima. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na sauti kubwa kuliko zote ilitoka hemani.

Askari wawili wa Chifu wakamvuta Mjomba kwa ukosi. Mimi nilibaki chini nikiona vitu kwa mapande: kiatu, ncha ya koti, medali inayoning'inia kwa uzi mmoja. Chifu alikuwa amekuja mbio, jasho linamtiririka kwa aibu. "Komora, unaniharibia! Simama! Bado mbili!"

Maana heshima ilikuwa ya mara tatu, na wao walikuwa wamepiga moja. Nataka mnielewe vizuri hapa, maana kisa mnachokichekea kwenye matanga huishia pale nilipolowa, na yaliyofuata hayasimuliwi. Hawakumwondoa. Mstari ungekuwa na pengo, na Bwana Shauri alikuwa anatazama. Walimsimamisha pale pale mahali pake, askari mmoja akamshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wakakaza, na bunduki zikapigwa mara ya pili. Kisha mara ya tatu. Walimshika mtu mikono miwili ili aheshimiwe. Niliona miguu yake ikitaka kukimbia hewani, kwa sababu walikuwa wamemwinua juu kidogo. Niliona uso wake. Nimesoma vitabu vingi juu ya ukoloni, nimeandika kimoja, na kila nilipofika sura ya utawala wa watu kwa hofu niliandika maneno marefu mazuri ili nisiandike uso ule.

Mwanamke mmoja wa Kiorma ndiye peke yake aliyeondoka kundini. Alikuja akanifunga shuka yake kiunoni, akanifuta mchanga mdomoni kwa kidole, akaenda zake. Shuka ile tuliitafutia mwenyewe miezi mingi tumrudishie, hatukumpata.

Tulirudi na mtumbwi, mimi mbele na Mjomba nyuma. Alivuta kafi bila kupumzika. Mimi ndiye niliyeanza kusema, kwa sababu kulikuwa na hesabu iliyokataa kuingia kichwani mwangu.

"Mjomba, kwani hukumpa ruhusa?"

"Nani?"

"Bwana Shauri. Nilimwona akikuomba. Alikushika mkono."

Kafi likaacha kuingia majini. "Alisema mimi ni askari mzuri," Mjomba akasema.

"Hakuwa anaomba?"

"Hapana, Mjumbe. Alikuwa anasema tu."

Tukaenda na mkondo kidogo, mtumbwi ukigeuka wenyewe. Kisha akashika kafi tena. Siku ile ndipo nilipojua kwamba Mjomba hakutawala kitu chochote, na kwamba kila mara nilipotumwa mlangoni pake nilikuwa natumwa kwa mtu anayeogopa. Ungedhani nilimdharau. Nilichokifanya, kwa akili yangu ya utoto, ni kumchukia kila aliyecheka, na kuapa kwamba hakuna atakayejua kuwa nilikuwepo. Chuki ilibaki, kiapo nacho kikabaki, na nimevibeba vyote viwili mpaka nikaota mvi.

Medali? Kamati inaitaka medali, waiweke ndani ya kioo. Niliwaambia na nawaambia tena: hawataipata. Msimu uliofuata Mjomba aliifunga kwa kamba kwenye dungu katikati ya mpunga. Upepo ukipiga, ilizunguka na kumeta juani bila kutoa sauti yoyote, na ndege waliiogopa. Mwaka ule Kulesa ilivuna vizuri. Ndiyo faida pekee niliyoiona ya kitu kile, na ilikaa pale mpaka mto ulipohama ukachukua dungu na shamba pamoja.

Basi turudi kwa kijana wangu wa naftalini. Alipoondoka niliwaka. Nilikwenda ofisini kwangu chuoni, nikapiga simu kwa kamati, nikamwambia mwenyekiti kwamba mjomba wangu hatakwenda kusimamishwa juani apigiwe bunduki na watu ambao hawajawahi kumpelekea hata kidonge. Nilimwambia wazee wale wamekufa mmoja mmoja bila daktari wa masikio wala wa roho, na sasa wamebaki wachache wa kuweza kukaa benchi moja ndipo gwaride limepatikana, kwa kuwa wachache hawana gharama. Nilimwambia kama wanataka kumuenzi mtu wamuulize kwanza anaumwa nini. Nilimwambia nitaandika magazetini. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu.

"Lakini Daktari," akasema nilipovuta pumzi, "Mzee mwenyewe amekubali."

"Hajui alichokubali!"

"Alituuliza maswali mengi."

"Haendi," nikasema, nikakata. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama nusu saa. Nilitembea ofisini nikijitungia makala.

Kesho yake, adhuhuri, simu ililia. Alikuwa Buya, mtoto wa Mjomba, anapiga kutoka posta ya Garsen.

"Dada, Mzee yuko hapa na mimi. Ametaka kuja mwenyewe. Ongea naye, lakini shika simu mbali kidogo."

"MJUMBE!" Aliita kama mtu anayemwita mwenye mtumbwi ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nasikia siendi."

"Watapiga bunduki, Mjomba. Mara tatu, kama zile."

"Najua. Nimewauliza."

"Mimi nimewakataza. Nimewaambia huwezi."

Nilisikia magari ya Garsen na mtu akibishana na karani wa posta. "Umewaambia wewe," akasema Mjomba. Hakusema kwa ukali. Lakini niliketi, kwa sababu niligundua kwamba katika makelele yangu yote ya haki na heshima, kwa mwenyekiti, kwa kijana, kwa magazeti, yeye mwenyewe sikuwa nimemuuliza.

"Wataka kwenda, Mjomba?"

"Kuna watu tuliwaacha kule matopeni, hakuna aliyewasemea neno. Mimi nikikaa nyumbani, hao wa kamati wasimamishe nani? Koti? Nitakwenda. Lakini sishikwi mikono."

"Atakayekushika atanikuta mimi."

"Na mtu aje aniambie kwanza. Kabla ya kila mara. Wale vijana hawajui, wapangiwe mtu."

"Nitakuja mimi."

"Mbele ya wakubwa? Na miwani yako?"

"Na miwani yangu."

"Utasema nini?"

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na wanafunzi wawili walikuwa wamesimama nje na kazi zao mkononi. Nikasimama wima, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo:

"Mjomba, twaanza kutwanga."

"Twangeni," akasema. Kisha, Buya akiwa tayari anamnyang'anya simu, nikasikia ile sauti ikipigana irudi: "Lakini safari hii, Mjumbe, ukakojoe kwanza!"